Kifaransa cha Mezani

Mume wangu alikuwa mtu wa Kasongo mjini, karani wa serikali, na alipohamishiwa kwetu Kabambare hakujua hata neno moja la Kibangubangu. Siku za kesi alikaa kando ya bwana mkubwa wa Kibelgiji akitokwa na jasho. Wazee wa vijijini walisema maneno marefu, yeye akakisia na kutafsiri maneno mafupi, na watu waliosimama dirishani wakacheka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Mwaka uliofuata alinioa, na mpaka leo sijui kama alinitaka mimi au alitaka lugha yangu. Nadhani alitaka vyote viwili. Nilikuwa mzuri wakati ule.

Tulipatana hivi. Saa kumi, akitoka ofisini, tulikaa uani kwenye viti viwili, na nusu ya kwanza ya masomo ilikuwa yangu. Nilimfundisha namna ya kumwamkia mjomba wa mke, namna mzee anavyokataa jambo bila kutamka kukataa, na maneno ambayo mwanamume hayasemi mbele ya mama mkwe. Nusu ya pili ilikuwa yake, na hapo alinifundisha Kifaransa. Mimi sikuwa nimesoma zaidi ya katekisimu, na hiyo tulisomeshwa kwa Kiswahili. Aliniandikia maneno katika daftari la ofisi, kwa mwandiko wake wa madaha. Alikuwa mwanafunzi mwenye kiburi, nami nilikuwa mwalimu asiye na huruma: akikosea, nilimrudisha mwanzo, majirani wakisikia. Baada ya mwaka wazee walianza kusema kwamba karani huyu ni kama amezaliwa hapa. Bwana mkubwa akawa haendi kijiji chochote bila yeye.

Nayasema haya ili ijulikane kwamba cheo chake kilitoka uani kwangu.

Kisha ikaja habari ya kadi. Serikali ilikuwa inatoa kadi kwa watu weusi wachache iliyowaona wamestaarabika, hasa makarani, walimu na wauguzi. Mwenye kadi hapigwi fimbo. Kwa mume wangu hilo lilitosha, maana alikuwa na alama mgongoni kutoka kituo chake cha kwanza, kwa sababu ya barua iliyochelewa. Alizificha hata kwangu kwa muda mrefu. Lakini kadi haikutolewa kwa mtu peke yake. Wazungu walipaswa kwanza kuja nyumbani, watazame kitanda, jiko na choo, kisha wakae mezani kula na mume na mke. Mke alipaswa kuwajibu kwa Kifaransa.

Maneno hayakunitisha. Kilichonitisha ni meza. Kwetu mwanamke hali mbele ya mumewe, sembuse mbele ya wageni wanaume. Anapika, anapeleka chakula, anarudi kula na wanawake wenzake na watoto. Sikuwahi kumwona mama yangu akitafuna mbele ya baba yangu. Sasa mume wangu akataka niketi mbele yake, nishike uma, nimtazame usoni, nitafune, nimeze, halafu niseme kwa Kifaransa kwamba mvua imechelewa mwaka huu. Mara ya kwanza sikuweza kumeza. Tonge lilikaa kinywani mpaka likapoa, na nikakimbilia nyuma ya nyumba kulitema. Alicheka. Mimi nililia, kwa sababu nilijiona sina haya.

Tulifanya hivyo miezi mingi. Siku moja mama yangu alikuja kunitembelea akanikuta mezani mbele ya mume wangu, uma mkononi, mdomo umejaa. Aliweka chini kikapu cha karanga alizoniletea, akageuka, akarudi kwao bila kuniamkia. Nilimfuata njiani nikimweleza habari ya kadi na fimbo. Aliniambia nirudi kumaliza kula. Tangu siku hiyo, nikienda kwake, alinipakulia chakula peke yangu kama mgeni, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Lakini nilijifunza. Mwishowe niliweza kula mbele ya mume wangu mpaka sahani ikaisha, na kumjibu maswali yote aliyodhani wazungu watauliza. Alinisifu. Alininunulia gauni la bluu lenye kola nyeupe, la siku hiyo.

Siku tatu kabla ya wageni, wifi yangu alifika kwa lori kutoka Kasongo. Alikuwa binti wa shangazi ya mume wangu, amesoma kwa masista, na alifundisha ushonaji hukohuko. Niliambiwa amekuja kunisaidia mapishi. Nilifurahi, nikampa kitanda changu, mimi nikalala mkekani na mtoto wetu wa kike aliyekuwa ameanza kutembea. Hata nilifanya naye mazoezi ya Kifaransa tukimenya ndizi. Alisema nasema vizuri sana. Yeye alijua tayari amekuja kwa nini, na bado alinisahihisha matamshi.

Asubuhi ya siku yenyewe nilioga, nikasuka nywele, nikaenda kulichukua gauni. Halikuwepo. Wifi yangu alikuwa amelivaa, anafunga vifungo. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, na aliniambia kwa sauti ya chini:

"Ni siku moja tu, mama. Wewe iko unajua kusema, lakini woga iko inaonekana ku uso. Unaangalia chini. Yeye alisoma kwa masista, hataangalia chini. Tukipata kadi, iko ya sisi wote."

Nikamuuliza watamwita nani. Akasema watamwita kwa jina langu, kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye karatasi ya maombi.

Watu huniuliza kwa nini sikupiga kelele. Sijui. Nilikuwa na kanga ya jikoni na vyungu viwili motoni, na wageni walikuwa wanakaribia. Hasira yangu ni nzito, inachelewa kuamka. Niliingia jikoni nikageuza nyama.

Wazungu walikuwa wawili, na karani mmoja wa kuandika, wote kutoka mbali, hakuna aliyewahi kuniona. Jiko letu lilitengana na sebule kwa ukuta wa matete tu, nikasikia kila kitu. Na hilo ndilo jambo ambalo mwalimu wangu hakulifikiria: nilielewa kila kitu. Walimuuliza wifi yangu habari za usafi wa maji, akajibu. Wakamuuliza mvua, akasema imechelewa. Alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Nilisikia uma wake ukigonga sahani, nikajua anakula mbele yao bila taabu yoyote.

Kisha wakamuuliza habari za mtoto. Wifi yangu akampakata binti yangu ili waone mama na mwana. Mtoto akalia. Alilia akinyoosha mikono kuelekea jikoni, na kadiri wifi yangu alivyombembeleza ndivyo alivyozidi. Mmoja wa wazungu akauliza kama anaumwa. Mume wangu akacheka kidogo, akamjibu kwa Kifaransa safi, polepole, kama alivyokuwa akinisomea mimi:

"Hapana, bwana. Amemzoea mtumishi wetu."

Kisha akaniita kwa Kiswahili nije nimchukue mtoto. Niliingia. Nilitazama chini. Mtoto akanirukia, akanyamaza hapohapo, akaficha uso shingoni kwangu. Mzungu mzee akanitazama kwa wema, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuungaunga:

"Kazi hapa iko muzuri?"

Ningeweza kumjibu kwa Kifaransa. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, nzima, na vitenzi vyake vimekaa sawa. Nilimtazama mume wangu. Uso wake ulikuwa umetoka rangi, na nikayaona macho ya mtu anayengoja fimbo. Kuwadanganya wazungu wa serikali halikuwa kosa dogo.

"Iko muzuri, Bwana," nikasema, nikarudi jikoni na mwanangu.

Kadi aliipata. Nilikuja kuiona ripoti baadaye, maana aliileta nyumbani kunionyesha, mtu yule hakuwa na haya. Iliandikwa kwamba mke ni msafi, anakula kwa adabu na anasema Kifaransa vizuri. Jina lilikuwa langu, herufi zote.

Lakini nirudi kwenye siku iliyofuata ile ya wageni. Asubuhi, mume wangu akiwa ofisini, wifi yangu alilikunja gauni akaliweka kitandani, akapanda lori kurudi Kasongo. Aliniaga bila kunitazama machoni. Saa kumi mume wangu alirudi, akaketi uani kwenye kiti chake, akaniomba msamaha. Aliniomba kwa Kibangubangu. Alitumia maneno yote niliyomfundisha, ya heshima, ya kujishusha, namna mkwe anavyosema akimkosea mjomba wa mke, na hakukosea hata mahali pamoja. Nilisikiliza kama ninavyosikiliza mwanafunzi. Nilijua pia kwamba hivyo hivyo ndivyo anavyosema na wanavijiji anapotaka walipe kodi bila ugomvi, na nilijua ni nani aliyemfundisha ile sauti.

Alipomaliza, akangoja. Nilikuwa nimesimama, mtoto mgongoni. Nilimtazama usoni, sikuinamisha macho.

"Monsieur," nikamwambia, "votre femme est partie ce matin avec le camion."

Bwana, mke wako ameondoka asubuhi hii kwa lori. Alifungua mdomo, labda kwa mazoea ya kunisahihisha, lakini hapakuwa na cha kusahihisha. Tuliishi pamoja miaka mingine mingi, tukazaa watoto wengine wanne, na sikumwambia tena neno la Kifaransa wala la Kibangubangu. Tulisemezana kwa Kiswahili, kama watu waliokutana sokoni.