Pima Sita za Mmanga

Jaku Ubwa hakaliki kitako. Akila, mguu mmoja uko nje ya mkeka. Akisali jamaa, imamu akitoa tu salamu ya mwisho yeye keshasimama anatafuta viatu, wenzake bado wanavuta uradi. Pale Michenzani penye kibanda chake cha kutengeneza mafriji, wateja wanampenda kwa hilo hilo, maana ukimwachia friji asubuhi, adhuhuri unapigiwa simu ukalichukue. Lakini nyumbani kwake Kiembe Samaki ni habari nyengine. Mkewe, Bi Time, alishasema mbele za watu kwamba siku Jaku akifa, waosha maiti watapata tabu ya kumkimbiza.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa mgonjwa nyumbani.

Mgonjwa mwenyewe ni kaka yake, Mmanga. Wote wawili ni watoto wa Tumbatu, baba mmoja mama mmoja, ila ukiwaona utadhani mmoja aliokotwa. Mmanga ni mtu wa mraba, mrefu, mikono inamfika magotini. Jaku ni kijitu kifupi, mwepesi, macho juu juu. Jaku alikimbilia mjini angali kijana, akajifunza mambo ya umeme. Mmanga akabaki na bahari mpaka siku moja, anashuka kwenye mashua yake baada ya kuvua usiku kucha, akaanguka kwenye maji ya magotini asiinuke. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa. Mkewe alikuwa keshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo binti yake, Riyama, akafunga mizigo, akamleta baba mjini kwa ami yake ili awe karibu na hospitali, na yeye mwenyewe akakaa hapo hapo kumuuguza.

Daktari alisema ulimi wa Mmanga una uhai, ni mzito tu. Na kweli, kwa Riyama husema "maji". Kwa Bi Time husema "basi", na mara moja moja "ahsante" ya kuvuta. Kwa Jaku hakuna kitu. Mwaka na ushee, si neno, si nusu ya neno.

Jaku huingia chumbani kama anafukuzwa. "Shikamoo Kaka. Umeamkaje? Umekula? Mbona joto hivi humu, ngoja nikuletee pangaboi." Na kabla ulimi wa mgonjwa haujajikusanya, mwenyewe keshatoka kufuata pangaboi. Akirudi nalo atalifunga, ataliwasha, atalizima, atalisogeza dirishani, ataondoka. Mmanga humwangalia mpaka mlangoni, kisha akageuza uso ukutani.

Jambo hilo lilikuwa likimla Jaku. Alikuwa halali vizuri, na akilala anasaga meno. Alimwambia mkewe, "Mimi sitaki mengi, Time. Aniite jina langu tu."

"Hukai naye," Bi Time alisema.

"Nnakaa."

"Unapita."

Mtu mwengine angelitafakari neno hilo. Jaku yeye badala ya kukaa alikwenda kuleta mashua.

Ile mashua ya Mmanga ilikuwa bado imelazwa ubavu pwani ya Mkokotoni. Jua lilishazipasua mbao zake, kuku walikuwa wakitaga ndani, na mtu mmoja wa fanicha alishaanza kuizungukazunguka, anataka kuikata mbao atengeneze meza za mahotelini. Jaku kusikia hivyo hakumshauri mtu. Alikodi lori, akakusanya wabebaji, na Bi Time alipotoka jikoni kutazama kelele za nini, alikuta geti limeng'olewa, na chombo kizima cha baharini kinaingizwa kwenye uwa wake wa kuanikia nguo.

"Baba Yusra," alimwambia mumewe, "umepatwa na nini?"

"Kaka akikiona chombo chake kimesimama, na yeye atasimama," Jaku alisema. "Ataendesha mwenyewe. Wewe tazama tu."

Alilisema hilo kwa kila mtu. Alilisema msikitini, alilisema kwa wateja wa mafriji, alilisema kwa muuza mkate. Kaka ataendesha mwenyewe. Na kwa kadiri alivyolisema ndivyo alivyozidi kuliamini, maana mtu ukimwona anazunguka na neno moja mtaa mzima, ujue kwanza anajiambia nafsi yake.

Kazi ikaanza. Mbao zilizooza zikang'olewa, mpya zikatiwa. Halafu kalafati, yaani kuchovya pamba kwenye mafuta ya nazi na kuishindilia kwa tindo kwenye kila ufa wa mbao ili maji yasipite. Hiyo ni kazi ya subira, na Jaku akaifanya kwa haraka, akawa anarudia. Alikuwa akiyajua mambo haya tangu utotoni, kwa baba yao, lakini mikono ilikuwa imesahau, kwa hiyo alijigonga vidole, akatukana, akaomba toba, akaendelea. Tangu alfajiri nyundo inalia, mpaka ndege zikipita kwenda kutua mtu unashukuru kubadilishiwa kelele.

Kisha akapaka sifa. Asiyejua sifa na ashukuru Mungu wake. Ni mafuta ya maini ya papa, hupakwa mbao zisiliwe na wadudu, na harufu yake ukiisikia leo utaila na chakula cha kesho. Jirani, Bi Mwatum, alivumilia siku mbili, ya tatu akaja na kanga kajifunika pua.

"Jaku, hii ni nyumba ya watu au diko la wavuvi? Nguo zangu nshazifua mara mbili. Nna harusi ya kwenda mimi, nende nikinuka papa?"

"Tuwie radhi, Bi Mwatum. Yatakauka."

"Lini?"

Jaku alikuwa keshaingia uvunguni mwa chombo, miguu tu inaonekana.

Yote hayo yangekuwa si kitu kama Mmanga angetazama. Kila asubuhi Riyama alimtoa barazani na kiti chake cha magurudumu, akamwelekeza kwenye mashua, kama ami yake alivyoagiza. Na kila asubuhi Mmanga alikipiga kiti kwa mkono wake mzima, pa, pa, pa, mpaka binti akamgeuza akaangalia ukuta. Jaku aliliona hilo kutoka chini, na lilimchoma, wallahi lilimchoma. Alijiona kama mtoto anayerudishiwa zawadi yake. Na dawa yake ilikuwa ni ile ile moja, kupiga nyundo zaidi. Chakula akawa anaitwa mara tatu, na kibandani Michenzani mafriji yakapangana.

Ikabaki tanga. Tanga la mashua hubebwa na mti mrefu unaoitwa foromali, unaopandishwa juu ya mlingoti, na foromali ya zamani ilikuwa imeoza kabisa. Urefu wake haukuwa siri. Ukoo mzima unajua, maana Mmanga enzi zake hakuacha kujisifu nao: foromali ya mashua yake ni pima sita. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Basi Jaku akaulaza mti mpya chini, akaulalia kifudifudi na mikono kaitanua, akatia alama, akasogea, akaulalia tena, mpaka zikatimia sita. Akakata. Akamtumia ujumbe wa sauti Makungu, mshona matanga wa Nungwi.

"Makungu, nishonee tanga la kitambaa cha marekani. Foromali pima sita. Fanya haraka."

Ikarudi sauti ya Makungu, taratibu, na cherehani inasikika nyuma. "Pima sita za nani?"

"Za nani vipi? Pima ni pima. Shona, bwana, tuna mgonjwa hapa."

"Haya. Nshakuuliza."

Tanga likaja na mwenyewe Makungu, siku ya Jumapili, alasiri. Jaku siku hiyo alikuwa hashikiki. Alifagia uwa mara mbili, akafunga kamba, akafungua, akafunga. Alimtolea kaka yake kanzu safi na kofia, Riyama akamvisha na kumtoa barazani, Jaku akamwelekeza yeye mwenyewe kwenye chombo, na Mmanga akakipiga kiti, na Riyama akamgeuza ukutani. Jaku akashuka.

"Vuteni," alisema.

Makungu na Riyama wakavuta kamba. Foromali ikapanda, kitambaa kikaachia, upepo mdogo ukakijaza, na hapo kila mtu akaona. Tanga lilikuwa dogo. Si dogo la kusema tutavumilia. Chini liliacha uwazi mtu anaweza kupita kainama, na pembe yake ya nyuma haikukaribia hata pa kufungiwa. Ilikuwa kama mtu mzima kavishwa kanzu ya mwanawe mdogo wa chuoni.

Makungu alitazama juu, akatazama chini. Jaku alishika kiuno, masikio yanamwaka moto.

Mara barazani kukatoka sauti, mkwaruzo mkwaruzo. Jaku alidhani kaka yake kapaliwa. Alipogeuka alimwona Mmanga kajipinda kitini, shingo kaigeuza kwa nguvu zake mwenyewe, anatazama tanga. Nusu ya uso ilikuwa imelala kama siku zote, na nusu nyengine inacheka. Mabega yanamtikisika. Machozi yanamtoka.

"Kacheka," Jaku alimwambia Bi Time, utadhani mwenzake kipofu. "Time, Kaka kacheka."

Mmanga alikuwa akitafuta neno. Walimsubiri wote, na safari hii hata Jaku alisubiri.

"Mikono yako," Mmanga alisema, kila neno analivuta kivyake. "Mifupi."

Ndipo akili ikamwingia. Pima sita zilikuwa za Mmanga. Mashua ilipimwa kwa mikono ya Mmanga, mlingoti kwa mikono ya Mmanga, na yeye na vijimkono vyake kalala juu ya mti anajihesabu. Mtu mwengine angeona haya. Jaku alifurahi, kwani kaka yake kasema naye, tena kasema juu ya chombo, na mtu hasemi juu ya chombo asichokitaka. Alinyakua kamba akapanda baraza mbio.

"Nipe mikono, Kaka, nikupime. Riyama, shika ncha hii."

Mmanga akaunyoosha mkono wa kushoto mwenyewe. Wa kulia ulikuwa mapajani, kiganja juu. Jaku akainama kuuchukua, na mkono wake mwenyewe ukasita hewani. Kwa muda wote huo alikuwa hajaugusa. Riyama huuosha, Bi Time huupaka mafuta, yeye hupita. Akaushika. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na ulikuwa na joto. Hilo la joto lilimshitua, maana siku zote moyoni mwake aliuweka kuwa wa baridi.

Akaunyoosha, akaupitishia kamba mpaka ncha ya kidole cha kati, akabana alama kwa kidole gumba.

"Hii hapa, Makungu. Zitie sita kama hii. Kesho asubuhi nakwenda kutafuta mti mwengine, jioni ushapata foromali, wewe kitambaa anza leo leo." Mguu mmoja ulikuwa ushateremka kidaraja.

"Jaku."

Akasimama pale pale. "Naam, Kaka."

"Wacha." Mmanga alipumzika kidogo. "Tanga hilo hilo. Ukate mlingoti. Ulingane nalo."

"Tukikata mlingoti chombo kitakuwa si chako tena."

"Chako."

"Changu mimi? Mimi nahodha wa mafriji, Kaka." Alijaribu kucheka. "Utaendesha wewe mwenyewe. Nshamwambia kila mtu."

Mmanga alikuwa akiitazama mashua yake, na safari hii hakukipiga kiti. Aliitazama kuanzia mbele mpaka nyuma, bila haraka, kama mtu anayeaga wageni mmoja mmoja.

"Kila siku unanigongea," alisema. "Inuka. Inuka." Mdomo ulimcheza upande mmoja. "Siinuki, mdogo wangu."

Bi Time aliweka ushungi usoni. Makungu akajifanya anakunja kamba.

Jaku alitazama huku na huku akitafuta cha kufanya. Pangaboi, maji, mto wa mgongoni, kitu chochote cha kumtoa pale. Ndani ya kifua chake kila kitu kilikuwa kinakimbia, naye amesimama, na mkono wa kaka yake bado uko mikononi mwake, umenyooshwa kama walivyoupima. Hakuweza kuuachia, ungeanguka. Wala hakujua unashushwaje. Mwaka mzima mgonjwa yuko nyumbani mwake, na hajui jambo dogo kama hilo. Aibu ikamshika, kubwa kuliko ile ya tanga.

"Riyama," alisema. "Huu unawekwaje?"

"Unatangulia kukaa wewe, ami," Riyama alisema. "Kisha unaulaza polepole."

Jaku akakaa kitako sakafuni, mgongo kauegemeza kwenye gurudumu la kiti, akaulaza ule mkono begani kwake, akaushika kwa mikono yake miwili, akalia. Bi Time alimwita chai, akamwita tena, mwisho akaileta mwenyewe pale pale barazani.