Sharti Nililodhani Nimelifuta

Nilikosa mimi, si kompyuta. Nihukumuni mtakavyo, lakini kwanza nisikilizeni.

Ninaandika programu za wavuti hapa Kiamunyi. Ushirika mmoja wa maziwa kule Njoro uliniomba mfumo wa kumwita daktari wa mifugo. Nikaunda darasa mzazi, yaani kiolezo ambacho fomu nyingine hurithi, nikaliita Ombi, na juu ya kisanduku cha namba ya uanachama nikabandika alama: lazima kijazwe.

Lakini kwetu mnajua mambo yalivyo. Mama ndiye anayekama, namba ni ya mzee. Kwa hiyo nikaunda darasa mtoto, Dharura, nikaandika upya kisanduku kile bila ile alama. Niliamini kauli ya mtoto imefuta ya mzazi.

Kumbe katika zana nilizotumia, masharti hurithiwa na kujumlishwa! Mtoto anaweza kuongeza sharti, kupunguza hawezi. Nami kila nilipojaribu mfumo nilijaza namba ya mfano. Kila kitu kikapita. Nikajipongeza, jamani!

Mchana mmoja Mama Chebet, jirani wa mamangu, akanipigia.

"Kijana wangu, samahani kukusumbua. Hii kitu inaitisha namba. Mzee ameenda matanga, simu imezima."

"Bonyeza Dharura, mama."

"Si ndiyo hiyo nabonyeza tangu asubuhi! Ng'ombe wetu Sopia amekula majani ya umande, tumbo limekuwa ngoma."

Nikampigia daktari. Asubuhi alikuwa boma la pili kutoka kwa Mama Chebet! Sasa alikuwa mbali, ng'ambo ya matope, akizalisha ng'ombe mwingine.

"Boss, labda jioni."

Nikafungua msimbo wa programu. Ile alama ya mzazi ilikuwa imetulia palepale. Ningeweza kuifuta mara moja, lakini kwa faida ya nani? Nikampigia Mama Chebet. Nyuma ya sauti yake nilimsikia Sopia akikoroma, kisha sikumsikia tena.

"Kwa nini hukunipigia mapema, mama?"

"Nilidhani kosa ni langu. Mimi si msomi."

Ee Mungu! Ng'ombe wao wa pekee, tena mwenye mimba. Na bado mama yule akaniambia mimi pole.

Ninyi mnaoandika mifumo, nawasihi: msidhani mtoto ameliacha sharti la mzazi kwa sababu tu hamlioni kwake. Jaribuni kisanduku kikiwa kitupu, kama atakavyokiacha asiye na namba.

Nimesharekebisha. Dharura sasa inapita bila namba. Mama Chebet hana tena wa kumwombea daktari.