Jina la Mjomba Kibwana Mnarani

Enzi zetu pale kijijini, juu kabisa Ulugurini, mchezo mkubwa ulikuwa kombolela, na mahali pa kukombolea palikuwa mnara wa mashujaa, mbele ya ghala la ushirika. Ukiwahi kuugusa, umewakomboa wenzako wote walioshikwa. Tulicheza na sweta zilizotoboka viwiko, mifukoni fyulisi mbichi, ukungu ukishuka mpaka hatuonani. Watoto wa siku hizi ukiwatajia kombolela wanadhani ni jina la bando.

Mnara wenyewe ulikuwa nguzo ya saruji tu, yenye majina saba ya vijana wetu waliokufa vita vya Kagera. Mjomba wangu Kibwana, kaka yake mama, naye alikwenda huko. Hakurudi, na hakuna aliyesema kafa; barua ya jeshi ilieleza kwamba hajulikani alipo. Basi Bibi akakataa matanga, akakataza na jina lake kuandikwa mnarani. Kila Idi alimpakulia pilau, akaifunika kwa kawa, na sisi wajukuu tukaikodolea macho mpaka jioni, ruhusa ya kuigawana ilipotoka.

"Akija akute chake," alikuwa akisema.

Nilikuwa darasa la nne mnara ulipopasuka kwa mvua za masika. Fundi akaletwa kutoka mjini, akaupiga lipu upya. Kwa kuwa hakuwajua watu wetu, mwalimu mkuu alinichagua mimi, msomaji hodari, nimsomee majina kutoka kwenye daftari huku yeye akiyachora kwa msumari kwenye saruji mbichi. Wenzangu walikuwa wamenichosha kwa utani: mjomba wako shujaa gani, mbona mnarani hayumo? Nilipomaliza la saba, nikaongeza la nane. Fundi akaandika. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Kwetu jina likishaingia mnarani, huo ndio msiba, maana makaburi yao hatukuwa nayo. Alasiri ile ile wanawake wa kilima kizima wakaanza kuja, khanga zimefungwa viunoni, kuni kichwani, unga kwenye nyungo. Wakatandika mikeka uani kwetu. Bibi akatokea shambani na kapu la magimbi, akasimama.

"Nani kafa?"

Mama akaanza kulia, akanyoosha kidole kule mnarani. Bibi akatua kapu, akashuka mnarani na jembe lake, akalikwangua jina lile mpaka pakabaki shimo. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Umenizikia mwanangu sijamuona," aliniambia, basi.

Aibu ile ninayo mpaka leo. Na mpaka Bibi anakufa, kila ilipopigwa hodi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia.

Mwaka huu nilipanda kwenda kumsalimia mama, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea fimbo. Pale mnarani nikakuta vijana wamekalia msingi wake na simu zao, maana ndipo mtandao unaposhika. Waliniamkia vizuri, "Shikamoo mama," siwezi kuwasingizia. Kisha mmoja akanionyesha lile shimo.

"Eti mama, huyu aliyefutwa alitoroka vitani?"

Nilimweleza yote, akasema pole, akarudi kwenye simu yake. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama walivyosema. Aliichezea fimbo yake.

"Mwandike," akasema. "Mimi nimechoka kumsubiri."

Kesho yake fundi aliziba shimo, nikamsomea jina lile lile, mama kanishika mkono. Tukarudi nyumbani, tukatandika mikeka uani, tukainjika chungu kikubwa cha maharage, tukakaa kungoja watu. Wapita njia walitazama kidogo, wakaendelea na safari zao. Kwenye kundi la simu la wanakijiji pole zilimiminika, pamoja na vimaua. Zamani kilima kizima kilitujia na unga kwa msiba ambao Bibi hakuutaka. Safari hii tuliutaka, na jua likazama tuko wawili tu, mama na mimi, na sahani ya tatu aliyoipakua mwenyewe, akaifunika kwa kawa.