Rangi za Mama Majina

Kazini walimwita Mama Majina, na mwanzoni lilikuwa jina la sifa. Kampuni yao iliuza mbegu na dawa za mifugo, ikiwa na matawi kila upande, na kila mwezi iliwatumia wateja baruapepe ya bei na bidhaa mpya. Barua ilianza na "Mpendwa," kisha mashine ikachota neno lolote lililokaa kwenye safu ya jina la kwanza. Mashine haina akili ya kuuliza. Ikikuta uchafu, inautuma vilevile.

Na uchafu ulikuwepo wa kumwaga. Makarani wa matawini waliandika majina kama watu wanaokimbizwa. Mmoja alianza na jina la ukoo, mwingine alimalizia nalo, huyu aliandika kwa herufi kubwa tupu kama anayegomba, yule alibandika "Mwl." na "Mzee" palepale kwenye jina. Kabla Mama Majina hajakabidhiwa kazi ile, mteja mmoja aliandikiwa "Mpendwa Duka," kwa sababu karani alisajili jina la duka lake. Mwingine aliandikiwa "Mpendwa Usimpigie," maana karani alikosa pa kuandika kwamba mzee huyo hapendi simu za asubuhi. Halafu mjane mmoja akafungua barua iliyokuja kwa mumewe, akasoma "Mpendwa Marehemu." Siku hiyo meneja hakugusa chakula.

Mama Majina akapewa chumba cha nyuma, katikati ya maboksi ya karatasi, na feni iliyogeukia upande mmoja tu, usio wake. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Humo alitenganisha vyeo na majina, akarudisha kila kitu kwenye safu yake, na kila mstari uliomtia shaka akaupaka rangi. Maana ya rangi zile aliijua yeye peke yake, na hilo halikuwa bahati mbaya. Aliyemtangulia aliandika maelekezo yote, ukurasa kwa ukurasa, na yalipokamilika akaambiwa asante, kwaheri. Mama Majina aliyaona hayo kwa macho yake, akaapa kwamba yeye hamwagi unga wake kwa mkono wake mwenyewe. Hakuandika kitu. Akiulizwa, alicheka tu: "Hizo rangi zina mwenyewe."

Ujanja ule ulimlinda, tusimnyime haki yake. Ila alikuwa na binti, na binti alilelewa na dada mkubwa wa Mama Majina katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Baba mtu alishajiondokea zamani, na kwenye chumba alichopanga mama hapakuwa na wa kumwangalia mtoto mchana. Walikubaliana iwe kwa muda mfupi. Mtoto alipelekwa akiwa anatambaa. Sasa alikuwa anakwenda chekechea, na mama yake alimwona likizo kwa likizo.

Basi tawi la mji ule likapata nafasi ya mwuzaji, na Mama Majina akaiomba.

"Safisha orodha yote, umkabidhi dada wa mapokezi, kisha nenda kwa mwanao," meneja alisema. "Mimi sina kinyongo."

Alitoka ofisini kwa meneja akitembea kama msichana. Hapohapo akapiga simu. "Dada, nakuja kukaa na mwanangu. Safari hii si maneno matupu."

Alifanya kazi kama mwenye wazimu. Orodha ilipokwisha, akaketi na dada wa mapokezi mbele ya kompyuta.

"Manjano ni jina lililogeuzwa, la ukoo limekaa mbele," alieleza. "Kijani nimeshahakikisha. Bluu ni kampuni, hiyo usiiite mpendwa."

"Na zambarau?"

Mama Majina akaitazama zambarau. Ilikuwa imetapakaa faili zima. Alikumbuka aliipaka kwa sababu, tena sababu nzito, lakini sababu yenyewe haikuja.

"Zambarau iache tu."

"Na hii manjano iliyofifia?"

"Hiyo nayo iache, bwana!"

Moyoni alijiona mjinga. Lakini begi lilikuwa limeshafungwa, na alitaka kuondoka, basi.

Dada wa mapokezi hakuwa mzembe. Zile rangi zilimchanganya, akaona ayapange majina kialfabeti apate pa kuanzia. Akachagua safu za majina peke yake, akabofya. Majina yakajipanga vizuri. Anwani zikabaki zilipokuwa. Akahifadhi, na barua ya mwezi ikatoka hivyo, kila mteja akisalimiwa kwa jina la mtu mwingine. Simu zikaanza kuingia kabla ya chai.

"Begi lifungue," meneja alimwambia Mama Majina.

"Lakini bosi, tuliahidiana."

"Tuliahidiana ukabidhi kazi. Umekabidhi nini? Rangi? Kazi hii haina mtu mwingine, na ni wewe uliyetaka isiwe na mwingine. Kule nimeshampeleka mtu."

Angeonewa, angelia akapata nafuu. Lakini meneja alisema kweli tupu. Akarudi chumba cha nyuma, akafungua faili, akakaa akiitazama bila kugusa kitu.

Saa ya chakula alimpigia dada yake. Simu ilipokelewa na sauti nyembamba.

"Haloo?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Mama mdogo!" mtoto alishangilia.

Hivyo ndivyo watoto wa dada yake walivyomwita, na kwao ilikuwa haki. Huyu alikuwa wa tumbo lake. Hakuna aliyemfundisha vibaya. Alikulia katikati ya wenzake, akashika walichosema. Mama Majina, ambaye kutwa alikuwa akimpa kila mtu cheo chake, alifungua mdomo amsahihishe. Amwambie nini, na haji?

"Mama mdogo, unakuja lini?"

"Sijui, mwanangu," alisema. "Mpe mama simu."