Dakika Niliyoikata

Kisaa changu cha kuhesabia pumzi za watoto kilikuwa kinalia tik, tik, na dakika ikiisha kinapiga kelele. Nilizunguka nacho Kulamawe miaka mitatu, boma hadi boma, mimi mhudumu wa afya wa kijiji nisiye na mshahara wa maana. Kilipokufa, niliomba kingine zahanati mpaka nikachoka kuomba. "Kinakuja," ati. Haya basi.

Ajabu ni kwamba ile tik-tik ilikuwa imeshaniingia mwilini. Masikio ndiyo yaliyofundishwa, lakini nikiweka kiganja kwenye kifua cha mtoto, dakika ilikuja yenyewe, kamili. Nililinganisha na simu mara nyingi, na tofauti ilikuwa sekunde mbili tatu. Hata kwa macho niliweza, ila nikiwa nimepumzika. Nikichoka, macho yalikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, na hilo sikulijua mapema.

Siku hiyo nilikuwa nimeshapita nyumba tisa. Jua la saa nane, simu imezima, miguu inawaka moto. Nyumba ya kumi ilikuwa ya msichana mwenye mtoto wake wa kwanza, wa miezi kumi, aliyekuwa anakohoa tangu juzi. Alikuwa amempakata. Hata kuketi sikuketi. Nilisimama mlangoni, nikatazama kifua kikipanda na kushuka, nikahesabu pumzi arobaini na moja, nikaona dakika imeisha. Kwa umri ule, hatari inaanzia hamsini.

"Hana nimonia," nikasema. "Endelea kumnyonyesha."

"Alhamdulillahi! Roho yangu ilikuwa juu, mama."

Nikasogea kuaga. Nilipoinama kumpapasa mtoto, kiganja kikagusa kifua. Ai! Kilikuwa kinaenda mbio. Nilikasirika, wallahi, kwa sababu nilijua kazi imenirudia. Nikaketi chini, nikafumba macho, nikahesabu upya kwa mkono. Hamsini na sita. Nikarudia. Hamsini na tano.

"Nimekosea," nikamwambia. "Tafuta pikipiki. Tunaenda zahanati sasa hivi."

Huko nesi alihesabu kwa saa yake, akapata hamsini na sita. Akamdunga mtoto sindano, akaita gari la kumpeleka hospitali Isiolo mjini. Walilazwa siku sita.

Waliporudi nilienda kuwaona. Mtoto alikuwa amekonda lakini anacheka, na mama yake akamweka mapajani mwangu. Akanimiminia chai ya maziwa, akakaa karibu yangu. Akauliza polepole, bila ugomvi wowote:

"Mama, kama usingemgusa siku ile, ungeenda zako tu?"

Uongo ulikuwa karibu, na nilitamani sana kuusema.

"Ningeenda," nikamjibu. "Nilikuwa nimechoka."

Aliinuka, akamchukua mtoto kutoka mapajani mwangu.