Ukucha Mmoja wa Dawa

Kalekye, ambaye Kariobangi nzima ilimjua kama Mama Ndete wa dawa ya magoti, hakumwamini mtu. Mteja aliyeomba kuonja alikuwa anataka kuiba siri ya mizizi ya marehemu mamake. Asiyeomba alimtia wasiwasi zaidi.

Basi Bilan alipokuja kuomba unga wa dawa akaupime, Kalekye alimkazia macho. Bilan alikuwa binti wa Raho, mteja wake wa mtaa wa Tena, na alisomea kemia chuo kikuu.

"Mama amevimba uso tangu aanze hii dawa," Bilan alisema kwa upole. "Nataka tu kujua iko na nini."

Mwizi huyu, Kalekye aliwaza, tena msomi! Akachota unga kiasi cha ncha ya ukucha, akampa. Na aone atafanya nao nini.

"Asante, Mama Ndete. Hata hii ni nyingi."

Jibu hilo lilimnyima raha hadi Bilan aliporudi.

Alikuwa ameutuma unga ng'ambo, kwenye mashine inayochukua fuwele ndogo mno isiyoonekana kwa macho, kuigandisha kwa baridi kali na kuirushia elektroni huku ikiigeuza. Elektroni hutawanyika na kuacha madoa, na kwa madoa hayo wataalamu hujua atomi zilivyopangwa. Unga ukiwa umechanganywa, wanapima fuwele moja moja.

"Mizizi iko. Lakini ndani tumepata steroidi, ile ya tembe za hospitali. Ndiyo inatuliza magoti, na ndiyo inamvimbisha mama. Leo nampeleka kwa daktari."

"Uongo! Nani amekutuma?" Kalekye alifoka. "Mizizi nachimba mwenyewe, nakausha mwenyewe! Hakuna mtu wa nje anagusa. Kusaga ni Baba Ndete tu..."

Alifunga kibanda mchana ule ule, akakimbilia nyumbani.

Mumewe, Kiema, alikuwa ameketi na kinu miguuni. Alipoulizwa hakukana.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Watu walikuwa wanarudisha dawa, na wewe ulikuwa unalia, unasema wanamtukana mamako kaburini."

Hasira zilimpanda Kalekye, lakini hofu ilizishinda.

"Kwa hivyo mizizi ya mama, peke yake..."

Kiema alimtazama kwa huruma.

"Haijawahi kuponya goti la mtu, Mama Ndete. Hata lako."