Shambulio la Saa Tatu Asubuhi

Sikuwa mtu wa kushuku watu hadi nilipopewa kazi ya usalama wa mitandao. Mke wangu hakubaliani na sentensi hiyo. Anasema kazi ilinikuta nimeshaiva. Lakini mtu anayelipwa mshahara ili asiamini lolote, miaka ikipita huanza kumtazama hata muuza samaki wa migebuka pale Katonga kana kwamba ameficha nywila za watu chini ya meza.

Ofisi yetu iko Buzebazeba, Kigoma. Mradi unaunganisha zahanati za mwambao wa ziwa na boti ya wagonjwa. Muuguzi wa Ilagala akiwa na mjamzito aliyezidiwa, anagusa kishikwambi chake, ombi linafika kwenye seva yetu, boti inaondoka. Ili asiingie mtu asiyehusika, kila kishikwambi kimewekewa cheti cha kidijitali, yaani kitambulisho ambacho seva inakikagua kabla ya kufungua mlango.

Kabla ya kuongeza zahanati mpya tulitakiwa kuupima mfumo kwa mzigo mkubwa: kompyuta yangu ijifanye mamia ya vishikwambi vinavyopiga hodi kwa pamoja. Nikatengeneza vyeti vya majaribio, nikabonyeza. Seva ikavikataa vyote. Baada ya kama saa moja nikajaribu vyeti vilevile, bila kugusa kitu kingine. Vikapita.

Mtu mwenye akili timamu angeshukuru akaenda kula. Mimi nilifunga mlango na kujiuliza nani amefanya nini.

Kesho yake ikawa vilevile, na siku iliyofuata pia. Kila asubuhi nilitupa vyeti vya jana, kwa kuwa sikuviamini vyeti vilivyolala ofisini bila mimi, nikatengeneza vipya. Vipya vikakataliwa, kisha vikapona vyenyewe. Nikaanza kuchunguza ni kitu gani hutokea kati ya kukataliwa na kupona. Nilichokiona ni kwamba mwenzangu alikuwa anarudi kutoka kunywa chai.

Mwenzangu huyo ni fundi wa mitandao, umri wake karibu na wangu, mzaliwa wa Ilagala. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule. Mimi ni mtu wa kuja, nimeletwa kutoka Kilimanjaro pamoja na shahada zangu mbili. Yeye ana shemeji Rumonge, upande wa Burundi, anayefanya biashara ya vitenge. Akimpigia simu hutoka nje, huongea Kiha kwa sauti ya chini, na hucheka. Kwa miaka yote niliyokaa Kigoma sijajifunza Kiha zaidi ya salamu, kwa hiyo kila kicheko nilikichukua kuwa ni changu.

"Mnapanga nini huko nje?" nilimuuliza siku moja, nikijifanya natania.

"Vitenge, kaka. Namwambia shemeji mzigo ufike bandarini Kibirizi kabla ya saa nne. Saa nne zetu, si zao."

"Kwani saa zina wenyewe?"

"Ee! Umekaa mwisho wa reli muda wote huu na hujui wenzetu wa ng'ambo wako nyuma saa nzima? Hapa ukipanga jambo na mtu wa kule lazima umuulize, saa za wapi? Usipouliza utakaa Kibirizi mpaka uwe samaki mkavu."

Nilicheka. Moyoni nikasema, anabadilisha mazungumzo.

Siku hiyohiyo nikafungua kumbukumbu za makosa za seva. Seva huandika kila inayemkataa, pamoja na saa aliyobisha. Nikakuta mamia ya vyeti vilivyokataliwa saa tatu asubuhi, kila siku niliyofanya majaribio. Saa tatu mimi huwa kwenye kikao cha asubuhi na mkuu wetu wa ofisi, mama mmoja mtaratibu ambaye sote tunamwita Mama. Ofisini hubaki fundi peke yake. Na saa nne, ninapofanya majaribio yangu? Hapakuwa na kosa hata moja, ingawa nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu kwenye kompyuta yangu.

Nikahitimisha kwamba saa tatu anashambulia, saa nne anafuta nyayo. Kilichoandikwa kilikuwa ushahidi dhidi yake, na kisichoandikwa kilikuwa ushahidi zaidi. Ilikuwa hoja nzuri. Hoja za namna hiyo nilizisomea chuo kikuu.

Nilimpelekea Mama taarifa ya kurasa mbili. Aliisoma yote bila kuinua macho.

"Una hakika? Mkataba wake mpya huu hapa mezani, nilikuwa nausaini wiki hii. Nikiyaamini haya, siusaini."

"Nina hakika, Mama."

"Haya, mwite."

Alikuja akifuta mikono, akamwamkia Mama, akapewa kurasa zangu. Alisoma polepole. Alipomaliza hakumtazama Mama, alinitazama mimi.

"Saa tatu nakuwa peke yangu, kweli. Shahidi sina. Lakini kaka, mimi niishambulie boti ya wagonjwa? Mama yangu mzazi yuko Ilagala. Siku akizidiwa nitamwambia nini, apande ngalawa?"

Nikajiambia kwamba hivyo ndivyo anavyosema kila mtu aliyekamatwa.

"Nionyesheni," Mama alisema. "Sitaki hadithi, nataka kuona."

Tukaenda kwenye chumba cha seva. Nikatengeneza vyeti vipya mbele yao, nikabonyeza, nikawafungulia kumbukumbu kwenye skrini. Makosa yakaanza kushuka kama mvua ya masika.

"Hawa wanaokataliwa sasa hivi ni akina nani?" Mama aliuliza.

"Ni majaribio yangu, Mama."

Akatazama saa yake ya mkononi, akarudi kwenye skrini. "Mbona hapa pameandikwa saa tano? Sasa hivi ni saa sita."

Mwenzangu alisogea karibu, akainama kusoma.

"Saa za wapi hizo, kaka?"

Seva ilikuwa nyuma kwa saa nzima. Kila cheti hubeba ndani yake saa ya kuanza kutumika. Vyangu vilizaliwa saa nne, seva ikadhani ni saa tatu, ikavikataa kwa sababu havijaanza kazi. Ikifika saa nne yake, inavikubali. Vishikwambi vya zahanati vilikuwa na vyeti vya zamani, kwa hiyo havikusumbuliwa. Na mshambuliaji wa saa tatu nilikuwa mimi mwenyewe.

Kumbe umeme ulipokatika mwezi uliopita, seva iliamka haijui saa. Betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa. Ingeweza kuulizia saa mtandaoni, lakini mlango huo niliufunga mwenyewe, maana sikuziamini saa za watu nisiowajua. Nikauliza kwa sauti, saa ngapi jamani? Mama alikuwa anapita na simu mkononi, akanisomea, nami nikaiwekea seva saa hiyo. Siku hiyo alikuwa ametoka arusini Bujumbura, na simu yake ilikuwa bado iko kwenye saa za kulekule.

"Mimi nilikutajia saa tu," Mama alisema. "Sikukutuma ushtaki watu."

Nilimwomba radhi mwenzangu palepale. Alitikisa kichwa.

"Umenishtaki kwa maandishi. Nisafishe kwa maandishi."

"Nitaandika kwamba kulikuwa na hitilafu ya saa."

"Hitilafu haikuandika kurasa mbili."

Nikakaa chini nikaandika, yeye amesimama begani kwangu. Kila nilipojaribu kupita pembeni alinirudisha: taja nani aliyefunga ule mlango, taja nani aliyeweka saa. Nilipomaliza nikanyoosha mkono nimkabidhi Mama karatasi. Mwenzangu aliichukua kabla Mama hajaigusa, akaisoma upya yote, ndipo akampa. Mama akasaini mkataba.

Mlango wa chumba cha seva sasa una kufuli mbili, na ufunguo mmoja anao yeye. Ndilo sharti alilotoa, na Mama hakubisha. Nikitaka kuingia namwita. Anakuja, ananiamkia vizuri kabisa, kisha anasimama nyuma yangu na kutazama vidole vyangu.